Fasihi Linganishi na Ukuta wa Idara

Wahakiki wengi wanapoisoma Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 1994, huiweka kando ya Heart of Darkness ya Joseph Conrad. Hawakosei, kwa kuwa zote mbili zinaingia bara la Afrika kwa njia ya biashara ya pembe za ndovu. Lakini msafara wa Gurnah unachota pia katika Safari za Wasuaheli, masimulizi ya Kiswahili yaliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapwa mwaka 1901. Na kijana Yusuf, mhusika mkuu, anafuata nyayo za Nabii Yusuf wa Kurani. Msomaji wa Kiingereza pekee atamwona Conrad, na hayo mengine yatampita.

Vyuo vyetu vingi ndivyo vinavyomlea msomaji wa namna hiyo. Fasihi ya Kiswahili ina idara yake na fasihi inayosomwa kwa Kiingereza ina yake. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe, na Afrika iwe kitovu cha masomo. Mtalaa ulibadilika, lakini ukuta kati ya lugha na lugha ukabaki.

Upande wa Kiswahili nao haujasalimika. Shairi la Hamziya la Pate limetokana na kasida ya Kiarabu ya al-Busiri wa Misri, na Shaaban Robert alimpokea Omar Khayyam, mshairi wa Kiajemi, kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald. Kazi hizi zina wazazi ng'ambo, ila mtahiniwa anaweza kuzichambua vina na mizani bila kuwagusa wazazi hao.

Wapo watakaosema tafsiri zinatosha. Kweli, Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, imemfikisha Gurnah kwa wasomaji ambao Kiingereza kiliwafungia mlango. Lakini mtaalamu wa fasihi linganishi ndiye anayepaswa kueleza mfasiri ameongeza nini na ameacha nini, na hawezi kufanya hivyo bila matini zote mbili. Hoja nzito zaidi ni ya muda na walimu: miaka michache ya shahada haimfanyi mtu mjuzi wa Kiarabu.

Basi tuanze na tulicho nacho. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki huingia chuoni na lugha mbili au tatu, kisha mtihani humtaka moja tu. Kozi moja ifundishwe na walimu wa idara zote mbili, Peponi na Paradise zikiwa juu ya meza moja. Kiarabu, Kifaransa au Kijerumani kiwe sharti katika shahada ya umahiri, kwa wale waliochagua fasihi linganishi. Kozi hiyo haihitaji jengo jipya. Inahitaji wakuu wawili wa idara wakubali kugawana ratiba na alama.