Pole ya Simu Haichoti Maji

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam, na intaneti ya kasi ikaanza kusambaa nchini. Leo hapa Tukuyu mama mchuma chai anaongea na mwanawe aliye ng'ambo huku wakionana. Mwaka 2014 Papa Fransisko aliiita intaneti zawadi ya Mungu, nami nakubali.

Lakini misibani naona jambo linaloniuma: rambirambi zimejaa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, huku mjane akikosa wa kumchotea maji. Msamaria hakumtumia majeruhi salamu. Alimkaribia, akamfunga majeraha. Basi ukishaandika "pole", beba mkungu wa ndizi, nenda ukakae na mfiwa.