Kisu Hakiui Virusi



Leo tuongee juu ya kitu ambacho karibu kila kijana wa huku amekifanya, mimi nikiwemo. Mbuzi anaumwa. Amelala, hali majani, puani anatoka damu. Mzee anamwangalia mara moja tu halafu anaita: leteni kisu haraka, asije akawa kibudu. Wewe kijana unashika miguu. Mzee anasema Bismillah, damu inaruka mpaka mikononi, pengine hata usoni. Baada ya muda mfupi mnachuna ngozi, na jioni boma nzima inakula nyama. Mnyama amechinjwa akiwa hai, ni halali, mali haikupotea bure.

Sasa kama huyo mbuzi alikuwa na Homa ya Bonde la Ufa, wewe uliyeshika miguu uko kwa hatari kuliko wote waliokula. Nyama ikiiva vizuri virusi hufa. Vile vilivyokuwa kwa damu mbichi, vimeshakuingia kupitia kale kamkwaruzo kadogo ulikopata kwa miba asubuhi.

Wengine mtasema hii ni mambo ya Naivasha, kwa sababu huko ndiko wanasayansi walikoitambua kwa kondoo miaka ya 1930 na 1931. Haya, turudi nyumbani. Novemba 2020 wachungaji walianza kufa Sericho, huku kwetu Garbatulla. Homa, kichwa, mgongo, kutapika damu. Januari 2021 maabara ikathibitisha ni hii homa. Kufikia mwanzo wa Februari, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 32 nchini na vifo 11, na wengi wao walikuwa watu wa Isiolo. Kabla ya hapo, 2006 kuingia 2007, mlipuko ulioanzia upande wa Garissa uliua watu 155 Kenya.

Inakujaje? Kuna mbu anayetaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayojaa maji, na virusi vinaweza kuwa ndani ya yai lenyewe. Mayai hayo hukaa kwenye vumbi miaka, hata wakati wa ukame ule tunaoujua sisi. Siku Ewaso Nyiro inapofurika na maji kusimama tambarare, yanaanguliwa. Mbu anauma kondoo, mbuzi, ng'ombe, ngamia. Wanyama wenye mimba wanaanza kutupa, wengi kwa wakati mmoja, na wale wadogo wanakufa kwa siku chache. Hiyo ndiyo kengele. Wasomali wana jina lake kabisa, sandik, kwa sababu ya ile damu ya puani. Wazee waliijua kabla ya maabara yoyote.

Binadamu anaipata kwa kuumwa na mbu, lakini zaidi kwa kushika: damu, kitoto kilichotupwa, zalio, maziwa mabichi. Haijawahi kuthibitishwa kwamba mtu humwambukiza mtu mwenzake, kwa hivyo tusianze kukimbia wagonjwa wetu.

Na huku tunaisoma vibaya. Binamu yangu alichuna mbuzi wawili wagonjwa msimu mmoja wa mvua. Siku nne baadaye, homa. Kituo alichoenda, sitakitaja, walimpa dawa za malaria bila kumpima na bila kumuuliza swali hata moja kuhusu mifugo. Alipona, lakini jicho moja mpaka leo anaona kama kuna ukungu. Hakupimwa, kwa hivyo siwezi kuapa ilikuwa hii. Najua tu kwamba wengi wanaoipata hupona kama mafua, wachache huharibika macho au ubongo, na wale wanaoanza kutoka damu, karibu nusu hufa. Ukienda hospitali na homa wakati wa mafuriko, sema mwenyewe: nimechinja, nimechuna, nimevuta ndama. Usingoje kuulizwa.

Mvua ikizidi na wanyama wakianza kutupa, usimchinje mgonjwa. Halali maana yake umeruhusiwa, haimaanishi umelazimishwa. Ningependa kusikia imamu akilisema hili kwenye maikrofoni baada ya Ijumaa, kwa sababu mzee hatanisikiza mimi na diploma yangu. Kitoto kilichotupwa usikishike mikono mitupu wala usiwape mbwa, kizike kwa kina. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo hata ya kujifunga mkononi ni ya kutafuta, lakini glavu ziko agroveti. Lala kwa neti hata ukiwa kwa mifugo. Maziwa chemsha. Najua, suusa ya maziwa yaliyochemshwa haina ladha ile. Vumilia msimu mmoja.

Lakini tuseme ukweli wote. Mchungaji ananyamaza kwa sababu anajua akiripoti, karantini itawekwa, soko la mifugo litafungwa, na hakuna mtu atakayemlipa. Ana karo ya shule na deni la duka. Mbuzi mgonjwa aliyechinjwa haraka ni pesa, aliyezikwa ni hasara yake peke yake. Kumwambia "ripoti" bila kumjibu hilo ni kumlaumu tu. Kufunga soko kunapaswa kuja na chakula au fidia, na hiyo ni haki ya kudai kama haki nyingine.

Kingine, chanjo ya mifugo ipo, na ni ya kabla. Ugonjwa ukishaingia, sindano ile ile ikipita kwa mbuzi mia inaweza kubeba virusi kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Wakati wa kuchanja ni kiangazi, wakati hakuna anayeiwazia na hakuna kamera.

Kwa hivyo, kila mmoja amuulize mwakilishi wa wadi yake, kwa maandishi, kabla ya mvua za Oktoba: dozi ngapi zimenunuliwa, na zitafika Sericho, Merti na Kinna tarehe gani? Akikujibu, weka jibu lake hapa chini tulisome sote.