Benzi Kuukuu na Heshima ya Mwenyewe

Ijumaa moja, sala imekwisha na watu wanamiminika nje kupeana mikono, tuliona jambo lililotufanya tushike kalamu. Gari jeusi aina ya Mercedes-Benz, lililopanguswa likang'aa kama kioo, lilikataa kuwaka. Mwenyewe, mtu mzima wa heshima zake, kanzu imepigwa pasi na kofia ya viua kichwani, alikaa kwenye usukani akigeuza ufunguo, na kila akigeuza hatukusikia ila kikohozi. Mwishowe vijana sita walivua makubadhi wakalisukuma mpaka chini ya mwembe, likae huko hadi fundi aje. Hapana aliyecheka mbele yake. Lakini jioni ile katika baraza, kahawa ilinyweka kwa habari hiyo.

Twalisema hili si kwa kumsengenya. Jina lake halitajwi hapa, na huenda msomaji wa mji wowote wa pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, amjua mwingine kama yeye. Twalisema kwa kuwa fedha zilizonunua gari lile zilitokana na kipande cha shamba la minazi alichorithi kwa babake. Shamba lilikuwa likimpa nazi kila baada ya miezi michache. Gari, tangu alinunue, halijampa ila hesabu za gereji.

Kupenda chombo kizuri si kosa. Wazee wetu walipenda milango ya nakshi, viti vya enzi, na majahazi yaliyoundwa yakapendeza tezi na omo. Mwenyezi Mungu akimneemesha mja, si haramu neema ionekane. Na Benzi katika nchi zetu si gari tu, ni neno. Baada ya Uhuru watu walitunga jina la 'Wabenzi', kabila jipya lisilo na kijiji wala mila, ambalo wenyeji wake hutambulikana kwa gari wanaloshukia. Jina hilo lilikuwa la kejeli, lakini ndani ya kejeli mlikuwa na kijicho. Leo, magari yale yale yakiwa yameshuka bei, mtu wa kawaida naye aweza kuingia katika kabila hilo, ingawa kwa mlango wa nyuma. Hapo ndipo swali letu lilipo: kwa nini bei imeshuka, na ni nani atakayelipa kilichosalia?

Jibu si gumu. Gari la fahari likiwa jipya hununuliwa na mwenye nacho. Akishachoka nalo hulitoa, na bei yake huanguka mwaka hata mwaka. Lakini bei ya vipuri vyake haianguki pamoja nayo. Pampu ya gari lililouzwa kwa mamilioni lilipokuwa jipya itabaki kuwa pampu ya gari la mamilioni, hata kama gari lenyewe leo lauzwa laki saba. Anayelinunua hudhani amepata rahisi, kumbe alichonunua ni haki ya kulipa gharama za tajiri kwa mshahara wa karani. Wahenga walikwisha sema: rahisi ghali.

Watu wa pwani hatukupaswa kufundishwa jambo hili. Babu zetu waliponunua jahazi lililokwisha tumika hawakutazama rangi. Waliingia ngamani wakapapasa mataruma, wakautazama mkuku, wakauliza lilikalafatiwa lini mara ya mwisho na nani, na wakajua kwamba kila msimu lataka sifa na deheni. Jahazi lisilo na fedha ya kalafati halikununuliwa, hata likiwa zuri namna gani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vikisha undwa, vyataka kutunzwa.

Kabla ya kulinganisha magari yenyewe, yafaa msomaji ajue kwamba masoko ni mawili. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, na lazima usukani uwe kulia. Gari hukaguliwa huko litokako kabla ya kupakiwa melini. Basi gari linaloteremshwa bandarini Mombasa, mengi yao yakitoka Japani, ni la miaka ya karibuni na bei yake ni ya juu. Benzi ya miaka kumi na mitano au ishirini haikushuka melini jana. Imetoka mkononi mwa mtu hapa hapa nchini, pengine mkono wa nne au wa tano, na kila mkono umeacha alama zake. Anayekwambia 'imekuja juzi tu' kuhusu gari kama hilo, muage kwa heri.

Sasa tutazame njia zilizopo mbele ya mnunuzi.

Njia ya kwanza ni Benzi ya zamani kabisa, ile ya umbo lililoanza mwaka 1976 na kutengenezwa mpaka katikati ya miaka ya 1980. Yaliundwa karibu milioni 2.7 ya aina hiyo, na Ujerumani yalikuwa teksi. Kilichoyadumisha ni usahili wake: fundi mwenye spana na masikio mazuri aliweza kujua ugonjwa bila kuuliza kompyuta. Aliye na fundi mwaminifu na asiye na haraka aweza kuishi na gari hili. Lakini umri wake sasa umepita miaka thelathini na mitano, na hewa yetu ya chumvi haimhurumii mzee. Kutu huanzia chini ya milango na ndani ya buti, mahali ambapo rangi mpya huficha. Gari hili ni la mpenzi wake, si la mtu wa kwenda nalo kazini kila siku.

Njia ya pili ndiyo iliyowanasa wengi, nayo ni Benzi za mwanzo wa karne hii. Umbo la E-Class lililotoka mwaka 2002 hadi 2009 ni zuri kwa macho, laini barabarani, na leo bei yake yavutia. Lakini ni gari la wakati ambapo umeme uliingizwa kila mahali. Breki zake za mwanzo zilikuwa za kuendeshwa kwa umeme na pampu maalumu, na kampuni yenyewe ililazimika kuyaita magari yarudi kutengenezwa mwaka 2004, na tena mwaka 2005 ilipoita yapata milioni 1.3 kwa ajili ya breki na hitilafu za umeme. Umbo lilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2006, breki za namna ile ziliachwa. Baadhi ya magari haya yana mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mfuko ukitoboka, gari hulala chini usiku kama ngamia aliyepiga magoti, na asubuhi haliamki bila fedha. Hatusemi ni magari mabaya. Twasema ni magari ya mtu ambaye, baada ya kununua, bado ana akiba. Na atakayelitaka kwa vyovyote, na achague la kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006, lenye springi za kawaida.

Njia ya tatu ni fahari ya Kijapani. Toyota Crown imeundwa tangu mwaka 1955, na huko kwao ni gari la wakubwa. Nduguye mdogo, Mark X, aliundwa tangu mwaka 2004 hadi 2019 kwa injini ya silinda sita. Hayana jina la Benzi, na nyota haipo juu ya boneti. Lakini ndani ni kimya, viti ni vipana, na vipuri vyake vyapatikana Mombasa bila kungoja mzigo kutoka Ulaya. Dosari yake ni kiu. Injini ya silinda sita hunywa petroli, hasa katika msongamano wa magari, na mwenye kuvuka Nyali kila asubuhi ataiona tofauti kabla ya mwezi kuisha. Tena vijana wameipenda mno Mark X kwa mbio zake, kwa hiyo nyingi zilizo mikononi mwa watu zimekwisha chapwa.

Njia ya nne ni ya unyenyekevu: gari dogo zaidi lakini jipya zaidi, kama Toyota Premio au Allion, ambazo ziliundwa mpaka mwaka 2021. Halitamfanya mtu ageuke barabarani. Lakini litawaka kila Ijumaa.

Wapo watakaosema kwamba heshima ya gari ni jina lake. Na wakumbuke Peugeot 504. Gari lile halikuwa la anasa kubwa, lakini lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, kwa kupita katika matope na vumbi lililovunja magari ya majina makubwa. Kwa miaka mingi daktari, mwalimu mkuu na mfanyabiashara walilipanda bila kuona haya. Heshima yake ilitoka barabarani, haikutoka katika chuma kilichobandikwa mbele.

Basi rai yetu ni hii. Mwenye shilingi 1,200,000 asinunue gari la shilingi 1,200,000. Na anunue la laki tisa, na laki tatu azifunge kitambaani kwa ajili ya mwaka wa kwanza, maana mwaka huo ndio utakaotoa siri zote. Akiona kwamba kwa laki tisa Benzi aitakayo haipatikani ila mbovu, basi aitakayo si yake. Na achukue Crown iliyotunzwa, au Premio, amshukuru Mola. Na anayeitaka Benzi kwa ajili ya harusi ya bintiye, na aikodi kwa siku moja. Bibi harusi atashuka katika gari zuri, na shamba la minazi litabaki.

Akishachagua, asinunue kwa moyo, anunue kwa macho. Gari alitazame asubuhi, injini ikiwa baridi, kwa kuwa injini iliyokwisha pashwa moto huficha kelele. Ainue mazulia ya sakafuni aone kama kuna kutu au unyevu. Asikilize gia zinapoingia mbele na nyuma, zikigonga, ajue. Taa za onyo kwenye dashibodi ziwake ufunguo unapogeuzwa kisha zizimike. Taa isiyowaka kabisa huenda imezibwa makusudi. Gari la Japani liwe na karatasi yake ya mnada, yenye alama ya hali ya gari. Herufi R katika karatasi hiyo yaonyesha kwamba gari liliwahi kuumia likatengenezwa. Kumbukumbu za umiliki serikalini zitazamwe kabla ya senti moja kutoka, ijulikane kama gari lina deni la benki juu yake. Na fundi awe wa mnunuzi, asiwe wa muuzaji.

Lakini lawama yote tusimtwike mnunuzi. Wauzaji nao ni ndugu zetu, na wengi wao tunasimama nao safu moja msikitini. Kila mmoja wetu amesikia kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini mna unyevu uliofichwa, na jinsi alivyomkemea mwenye mali. Kurudisha nyuma maili za gari ni kuficha unyevu. Kumwaga oili nzito ndani ya injini ili isilie siku ya kuuza ni kuficha unyevu. Na sheria yetu humpa mnunuzi khiyari: akikuta aibu aliyofichwa, ana haki ya kurudisha mali. Ni wauzaji wangapi wanaoikubali khiyari hiyo bila ugomvi? Kizuri chajiuza, kinachohitaji viapo vingi kina lake jambo.

Kisha lipo suala la fedha zenyewe. Mtu asiyekula riba mwaka mzima asije akaila kwa ajili ya viti vya ngozi. Tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zinazoendeshwa kwa sheria ya Kiislamu, na njia ya murabaha, ambayo benki hununua kitu kisha ikamuuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi, yajulikana. Lakini hata deni la halali ni deni. Gari litaendelea kuzeeka wakati deni lingali changa, na karo ya watoto haingoji.

Yule mzee wa chini ya mwembe, gari lake lilipona baada ya siku tisa. Ijumaa iliyofuata alikuja kwa miguu, kanzu ile ile, kofia ile ile. Watu walimsogelea kumsalimu kama desturi, vijana wakambusu mkono, na nafasi yake katika safu ya kwanza ilikuwa imewekwa. Hakuna aliyemuuliza amekuja na nini.