Mwenye Shimo na Alifunike

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo sheria ambayo wachimbaji wa Mwakitolyo wataielewa upesi kuliko watu wengi. Mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa jirani akatumbukia humo, mwenye shimo hulipa. Sheria haimwulizi ng'ombe kwa nini hakutazama mbele. Humwuliza aliyeliacha shimo wazi.

Tunaikumbuka sheria hiyo tunapotafakari vifo vya kwenye vivuko vya reli. Treni haipiti machimboni kwetu, lakini safari zetu huivuka reli. Basi litokalo Shinyanga kwenda Dodoma hupita Manyoni, na ni huko Manyoni ambako tarehe 29 Novemba 2023 basi la abiria liligongana na kichwa cha treni, watu 13 wakapoteza maisha.

Ajali ya namna hii ikitokea, neno la kwanza kusikika ni uzembe wa dereva. Mara nyingi neno hilo ni la kweli, nasi hatumtetei mzembe. Treni nzito iliyoshika kasi huweza kuhitaji kilomita moja au zaidi ndipo isimame, wala haina namna ya kumkwepa mtu. Apaswaye kusimama ni mwenye gari, pikipiki, baiskeli au mkokoteni. Dereva anayewania kuokoa dakika mbili huweka rehani roho zisizo zake.

Hata hivyo, haki haiishii hapo. Abiria aliyelala kitini hakuchagua mahali pa kuvukia. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, enzi ambapo magari yalikuwa machache. Tangu wakati huo miji imekua, barabara zimeongezeka na bodaboda zimeenea, ilhali vipo vivuko ambavyo bado hutegemea kibao na macho ya dereva peke yake.

Sheria zipo. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliikabidhi TRC njia ya reli na uendeshaji wa treni. Mwaka 2019 LATRA ilichukua nafasi ya SUMATRA katika kudhibiti usafiri wa nchi kavu, reli ikiwemo. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za wilaya chini ya TARURA. Hatusemi kwamba vyombo hivi havifanyi kazi. Tunasema kwamba kivuko ni mahali ambapo mamlaka zao hukutana, na penye wenyewe wengi ni rahisi kila mmoja kumngoja mwenzake.

Dawa nayo inajulikana. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ilijengwa ili barabara zipite juu au chini yake. Ikiwa hilo limewezekana kwa reli mpya, basi mlinzi, kizuizi na taa katika vivuko vya hatari vya reli ya zamani si ombi la anasa. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliitaja haki ya kuishi mwanzoni kabisa mwa haki za binadamu.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa Halmashauri Walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo: andikeni majina ya vivuko mnavyovihofia, elezeni kasoro ya kila kimoja, mpelekeeni diwani, na nakala ziende LATRA na TRC. Ombeni jibu la maandishi, lenye tarehe. Nasi tusimame kabla ya reli, tusing'oe vibao kwa ajili ya chuma chakavu, na abiria asione haya kumwambia dereva, "Simama kwanza."

Kuzika wafu ni tendo la huruma. Kulifunika shimo kabla mtu hajatumbukia ni tendo la haki.