Tairodi ya kuchomelea isibebe pamba yetu

MSIMU wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida Mei, barabara za Wilaya ya Kishapu hubadilika sura. Kutoka Ukenyenge, Lagana, Talaga na Bubiki, Land Cruiser na Land Rover kuukuu huonekana zikiwa zimejaa magunia hadi juu ya kebini, na juu ya magunia wamekaa watu. Magari hayo hayo, siku ya mnada, hubeba mbuzi, mahindi na akina mama wafanyabiashara. Usiku hupeleka mgonjwa hospitali.

Tunayapongeza magari haya na wamiliki wake, kwa kuwa bila wao mkulima wa ndani angebaki na mazao yake. Lakini leo tunapenda kuzungumzia kifaa kimoja ambacho wengi hatukitazami mpaka kituangushe, nacho ni fimbo za stelingi kwenye ekseli ya mbele.

Magari ya aina hii yenye ekseli nzima ya mbele huongozwa na fimbo mbili. Ya kwanza, ambayo mafundi huiita draglinki, hutoka kwenye mkono wa boksi la stelingi na kusukuma gurudumu moja. Ya pili ni tairodi, ambayo huunganisha gurudumu hilo na la upande wa pili ili yakate kona kwa pamoja. Kila mwisho wa fimbo hizo kuna balijointi yenye mpira wa kuzuia vumbi, na nati inayozuiwa na pini ya kukunja.

Tairodi ikikatika, gurudumu moja hufuata usukani na jingine huenda linakotaka. Draglinki ikikatika, dereva hubaki ameshika duara lisilo na kazi yoyote. Katika hali zote mbili, breki nzuri na uzoefu wa miaka mingi vinaweza visisaidie.

Kwa nini jambo hili lituguse sisi wa Kishapu kuliko wengine? Sababu ya kwanza ni udongo wetu. Eneo kubwa la wilaya hii ni mbuga yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, magari huchimba mitaro ya tope. Mvua zikikatika, mitaro hiyo hukauka na kuwa migumu kama tofali la kuchoma. Hivyo pamba inapoanza kutoka shambani, gurudumu hutumbukia kwenye mtaro mkavu na dereva hulazimisha usukani ili alitoe. Nguvu yote hiyo hupita kwenye fimbo mbili tulizozitaja. Wenzetu wanaopeleka bidhaa kwa wachimbaji wadogo wa Geita wana mawe na visiki, ambavyo huipiga tairodi moja kwa moja na kuipinda.

Sababu ya pili ni tabia yetu wenyewe. Mfanyabiashara akipata fedha kidogo huongeza pleti za springi ili gari libebe zaidi, kisha hununua matairi makubwa, na mwisho huweka bampa la chuma kizito. Vyote hivyo huongeza mzigo kwenye ekseli ya mbele. Springi zikiinuliwa, draglinki nayo husimama kwa pembe kali, na kila gari linaporuka shimo usukani hujivuta wenyewe. Tunaongeza uzito juu, lakini fimbo za chini ni zile zile zilizokuja na gari miaka 20 iliyopita.

Fimbo ikipinda, hunyooshwa kwa nyundo. Ikikatika, huchomelewa kando ya barabara na safari huendelea. Hapa ndipo tunaposema hapana. Chuma kilichopinda na kunyooshwa hupoteza sehemu ya nguvu zake, na joto la kuchomelea hubadilisha uimara wa chuma pembeni mwa kiungo. Kazi hiyo inaweza kuonekana safi ikishapakwa rangi, lakini hakuna anayejua itaachia lini. Haitakatika gari likiwa limeegeshwa. Itakatika siku ya mzigo mkubwa na watu wengi.

Tunafahamu jibu la wamiliki. Spea halisi ni ghali, duka la uhakika liko Shinyanga mjini au Mwanza, na msimu ni mfupi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tumwombe mmiliki apige hesabu kamili. Gari likipinduka, atalipia kuliinua, ataliweka gereji msimu ukiwa unakwisha, na atadaiwa pamba iliyomwagika. Hiyo ni kabla hatujataja aliyekuwa amekaa juu ya magunia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe huenda ukawa ni kaburi la mtu.

Aidha, ukaguzi wa kwanza hauhitaji fedha. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu na liache gari chini pasipo jeki. Utingo azungushe usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, nawe utazame kila kiungo. Kama mkono wa boksi unatembea kabla fimbo haijatembea, au fimbo inatembea kabla gurudumu halijafuata, balijointi hiyo imekwisha. Kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, uweke stendi imara chini ya ekseli, na ulishike gurudumu pande za kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, kwa kawaida tatizo ni fimbo. Ukilishika juu na chini likacheza, tazama beringi na kingpini. Mpira wa vumbi uliochanika na pini iliyokosekana navyo ni sababu ya kutosha ya kutoondoka.

Kwa anayetaka kuimarisha mfumo huu, ushauri wetu ni kufuata utaratibu. Aanze na balijointi mpya zinazolingana na gari lake, kwani ncha yake ni ya mchongoko na isipokaa sawasawa kwenye tundu italegea hata nati ikikazwa vipi. Fimbo nene ni nzuri, lakini isifungwe kwenye balijointi chakavu. Fimbo isipopinda, nguvu ya kishindo huhamia kwenye balijointi, mkono wa gurudumu na fremu inayoshika boksi la stelingi, hivyo navyo vikaguliwe kama vina nyufa. Baada ya kazi, magurudumu yapimwe yakae sawa, vinginevyo matairi mapya yataliwa upande mmoja. Na asidanganywe kwamba shokomzoba ya stelingi imemaliza tatizo. Hiyo hutuliza mtikisiko tu, huku ugonjwa ukiendelea.

Mafundi wetu tunawathamini, na wengi wamejifunza kwa mikono yao wenyewe. Tunawasihi wawe na ujasiri wa kumwambia mteja kwamba kazi fulani haifanyiki. VETA, iliyoanzishwa 1994, na SIDO, iliyoanzishwa 1973, wangewasaidia sana kwa kuwaletea mafunzo mafupi ya stelingi na breki hadi Mhunze na Maganzo kabla ya msimu, badala ya kuwasubiri mjini.

Vyama vya msingi vya ushirika navyo vina nafasi. Chama kinachokodi gari la kusomba pamba kinaweza kudai likaguliwe chini kabla ya kulipakia, na wamiliki wanaweza kuungana kuagiza spea kwa pamoja ili kupunguza gharama. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango waendelee kuzisaka spea bandia, na msako huo ufike hadi kwenye maduka ya miji midogo. TARURA, ambayo tangu 2017 inabeba jukumu la barabara za wilaya, ichonge mitaro hiyo mapema mara mvua zinapokatika.

Kwa askari wa usalama barabarani tunasema hivi: Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 hairuhusu gari bovu barabarani. Stika kwenye kioo haioni kilicho chini ya gari. Anayelikagua gari la mzigo hana budi kuinama.

Mwisho tunamgeukia abiria na mkulima mwenye mzigo. Ni haki yako kumuuliza dereva kama tairodi yake ni nzima au imechomelewa. Akikasirika, subiri gari jingine. Pamba ikichelewa siku moja bado itauzwa.