Ibn al-Haytham Hatoshi Kusifiwa



Kila mwaka katika hotuba zetu hutajwa Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, nasi hujisifu kuwa huyu ni wetu. Lakini je, nani kati yetu anaiendeleza kazi yake? Katika Kitabul Manadhir alibainisha kuwa tunaona kwa mwanga unaoingia jichoni, si kwa miale itokayo jichoni. Wala hakutosheka na maneno, alijaribu na kupima.

Na tuone elimu hiyo ilipofikia. Kuna madini yaitwayo molibdenaiti, meusi na laini kama risasi ya penseli. Yakibanduliwa hadi tabaka moja tu, hubaki semikondakta yenye unene usiofika nanomita 1, na unywele wa mtu ni kiasi cha nanomita 80,000! Kitu hicho huonekanaje? Huwekwa juu ya silikoni yenye utando wa oksidi wa kama nanomita 300. Mwanga unaorudi kutoka juu hukutana na ule unaorudi kutoka chini, rangi ikabadilika kidogo, mfano wa mafuta juu ya dimbwi. Hadubini ya kawaida inatosha. Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa tabaka moja hilo hutoa mwanga mwingi kuliko matabaka mengi.

Ila kuona mapana yake ni tabu zaidi. Tangu 1873 Mjerumani Ernst Abbe alieleza kuwa hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nusu ya urefu wa wimbi, yaani kama nanomita 200. Kwa hiyo kasoro ndogo hujificha. Leo watafiti husogeza ncha ya sindano nyembamba mno karibu na tabaka, mwanga ukakusanyika hapo, wakaona mambo ya makumi ya nanomita.

Wapo wazazi wanaotuambia kuwa mwenye kuhifadhi juzuu asichoshwe na fizikia. Kwa heshima zote, hatukubaliani nao. Aliyesifiwa jukwaani alikuwa mtu wa fizikia.

Tunaomba siku moja tu: darasa la mwisho lizibwe madirisha kwa kadibodi, litobolewe tundu dogo, na watoto wauone mti wa nje ukiwa juu chini ukutani. Kadibodi tunazo, gundi tutachangishana.