Kabla ya Kuuza Nyumba ya Mirathi



Tuliitwa kugawa mirathi katika nyumba moja ya ghorofa, Mji wa Kale, Mombasa. Marehemu aliacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Hesabu yake ni nyepesi: mafungu 8, mke fungu 1, kila mwana wa kiume mafungu 2, kila binti fungu 1. Tuliandika, tukasoma dua, tukaaga. Baadaye nyumba iliuzwa, kila mrithi akashika chake. Fungu la mama halikutosha kununua hata chumba. Leo huhama kwa wanawe, huku mwezi na kule mwezi. Hesabu yetu ilikuwa sahihi. Nasaha yetu ndiyo iliyopungua, nasi twakiri.

Lau tungalikaa kitako, tungaliwaambia kwamba sharia haiwalazimishi warithi kuuza. Waweza kubaki washirika, kila mmoja na fungu lake katika nyumba nzima. Na mmoja akiuza fungu lake kwa mgeni, wenziwe wana haki ya shufaa, yaani kulichukua kwa bei ile ile.

Nyumba zetu za kale zaikubali shirika hiyo. Mombasa, wazee wengi waliweka duka au ghala chini, wakaishi juu. Mabinti wawili wa nyumba ile hushona buibui na kupika vyakula vya arusi, na wote wawili hulipa kodi ya vyumba vya watu. Wangalifanya kazi chini, katika ghala la baba yao, wakilipa kodi kwa warithi wote kwa mafungu yao, na mama akabaki juu katika chumba alichozoea.

Lakini shirika bila ya masharti huzaa ugomvi. Kwanza, mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi: nani akaa wapi, nani alipa nini. Pili, stara ilindwe. Shemeji si maharimu. Basi kila familia iwe na mlango wake, na wateja wasipande juu. Tatu, itengwe akiba ya matengenezo kabla ya kugawana kodi. Kuta za mawe ya matumbawe zatengenezwa kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani na ukuta ukaanza kumomonyoka. Boriti za mikoko zikaguliwe kila baada ya masika. Na kabla ya kubomoa hata kizingiti, iombwe idhini ya afisi ya uhifadhi.

Mama zetu na dada zetu, fungu lenu ni haki yenu, na rai yenu pia ni haki. Karatasi ya mauzo ikiletwa, msitie saini kwa haya. Ulizeni kwanza: mama atalala wapi?

Wabillahi tawfiq.